Kulinganisha Sauti ya DAC Mbili: Maana ya Kusawazisha Kiwango

DAC ni kifaa kinachopokea muziki ukiwa katika umbo la namba na kuutoa ukiwa umeme unaopanda na kushuka, umeme ambao hedifoni huugeuza kuwa mtikisiko wa hewa tunaousikia. Kwa Kiswahili kinaweza kuitwa kigeuzi cha dijitali kuwa analogia, ingawa wapenzi wa muziki katika mazungumzo yao husema DAC tu. Kila simu na kila kompyuta inayotoa sauti inacho kifaa hiki, na hata ile adapta fupi ya USB-C yenye tundu la hedifoni imebeba chipu yake ndani. Kwa hiyo anayenunua DAC ya mezani hanunui kitu ambacho hakuwa nacho. Ananunua cha pili, na linalombakia ni kujua kama hicho cha pili kinatoa sauti nzuri kuliko cha kwanza.

Swali hilo hujibiwa vibaya mara nyingi, na chanzo kikubwa cha makosa ni volti. DAC nyingi za mezani hutoa volti 2 kwa wimbi kubwa kabisa linaloweza kuandikwa katika faili la muziki. Adapta ya USB-C ya Apple inayouzwa Marekani hutoa takriban volti 1, na ile ya soko la Ulaya hutoa takriban nusu ya hapo. Ukiziunganisha kwa zamu DAC ya mezani na adapta ya Marekani kwenye amplifaya moja, bila kugusa kitufe cha sauti, ya mezani itazidi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, kwa kuwa kila volti zinapoongezeka maradufu kiwango cha sauti hupanda kwa kiasi hicho.

Tofauti kubwa namna hiyo haimdanganyi mtu, kwa sababu kila mwenye masikio ataitambua na kupunguza sauti. Inayodanganya ni tofauti ndogo, ya nusu desibeli kwa mfano. Hapo msikilizaji hahisi kwamba DAC moja ina sauti kubwa kuliko nyenzake. Huhisi kwamba besi yake imeshiba, kwamba mwimbaji amesogea karibu na kwamba vyombo vimeachana vizuri zaidi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, walichapisha mikondo iliyoonyesha kwamba sikio halisikii sauti nene, za kati na nyembamba kwa usawa, na kwamba muziki unapopunguzwa, besi hufifia sikioni mapema kuliko sauti za kati. Hivyo DAC iliyo chini kidogo kwa kiwango huonekana pia kuwa na upungufu wa besi, ingawa haina upungufu wowote. Naamini sifa nyingi zinazoandikwa kuhusu DAC, kama vile joto, uwazi na kina, huanzia hapa, na waandishi wake husema kweli kuhusu walichokisikia huku wakikosea kuhusu kilichokisababisha.

Kusawazisha kiwango, basi, ni kuhakikisha kabla ya kusikiliza kwamba DAC zote mbili zinafikisha volti zilezile kwenye hedifoni zilezile. Wanaofanya kazi hii kwa makini hawaruhusu tofauti inayozidi desibeli 0.1, ambayo ni sawa na takriban asilimia 1 ya volti: ikiwa DAC ya kwanza inatoa milivolti 500, ya pili iwe kati ya 494 na 506. Usahihi huo haupatikani kwa kusikiliza na kukisia, bali unapatikana kwa multimita ya kawaida ya fundi umeme. Unapiga mlio mmoja usiobadilika kupitia DAC ya kwanza, unapima volti za AC (umeme unaopanda na kushuka) kwenye chaneli moja, ya kushoto au ya kulia, kisha unarudia kwa DAC ya pili na kurekebisha mpaka namba zikaribiane. Multimita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa majumbani wa hezi (mitikisiko kwa sekunde) 50 au 60, na vipimo vyake hupotoka mlio unapokuwa mwembamba sana, kwa hiyo mlio wa hezi 300 hivi unafaa kuliko ule wa hezi 1,000.

Hedifoni zibaki zimechomekwa wakati wa kupima. Kila tundu la kutolea sauti lina ukinzani wake, na ukinzani huo hugawana volti na hedifoni. Sennheiser HD 600, kwa mfano, huandikwa kuwa na ukinzani wa omu 300, lakini karibu na hezi 100 ukinzani wake hupanda hadi takriban omu 500. Tundu lenye ukinzani mkubwa litazipa hedifoni hizo volti nyingi zaidi katika eneo la besi, na besi hiyo itasikika kweli, ingawa haikutokana na ugeuzaji wa namba bali na sehemu ya amplifaya iliyo baada yake.

Namba ya biti iliyoandikwa kwenye boksi, yaani idadi ya tarakimu za 0 na 1 zinazoandika kila sampuli (kila kipimo kimoja cha wimbi la sauti), nayo haitoshi kutabiri sauti. Sony ilipoanza kuuza mashine ya kucheza CD iitwayo CDP-101 huko Japani tarehe 1 Oktoba 1982, mashine hiyo ilitumia DAC moja ya biti 16 iliyohudumia chaneli mbili kwa zamu, kiasi kwamba chaneli moja ilichelewa kwa takriban sehemu 11 za milioni za sekunde. Philips, iliyoshirikiana na Sony kubuni santuri hiyo ya CD, iliweka katika mashine yake ya CD100 DAC mbili za biti 14, lakini kwanza ikapandisha sampuli 44,100 za kila sekunde mara nne, hadi 176,400, na kuzisukuma kelele za makosa juu ya upeo wa sikio. Kwa njia hiyo biti 14 zilifanya kazi inayokaribia ya biti 16.

Baada ya kusawazisha hubaki kikwazo cha pili, nacho ni kujua kifaa kipi kinacholia, kwani anayejua bei ya DAC iliyoko mbele yake hawezi kuisahau kwa kuamua tu. Dawa yake ni jaribio la ABX. Msikilizaji hupewa A na B, ambazo anazijua, kisha X, ambayo ni mojawapo ya hizo mbili iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, naye hutakiwa kuitambua. Ubadilishaji uwe wa papo hapo, kwa swichi, kwa sababu kumbukumbu ya tofauti ndogo za sauti hufifia ndani ya sekunde chache. Akifanya mara 16 na kupatia 12 au zaidi, uwezekano wa kufikia hapo kwa kubahatisha ni chini ya 4 kati ya 100.

Ziko DAC ambazo kweli hutofautiana hata baada ya yote hayo. Zile zisizo na kichujio cha dijitali wala kupandisha sampuli, zinapocheza muziki wa CD, hupunguza sauti nyembamba kwa takriban robo tatu ya desibeli kwenye hezi 10,000 na zaidi ya desibeli 3 kwenye hezi 20,000, na kijana mwenye masikio mazima anaweza kulitambua hilo.

Anayepata 8 kati ya 16, kwa upande wake, hajathibitisha kwamba DAC mbili ni sawa. Amejua tu kwamba kwa hedifoni zile na wimbo ule hakuweza kuzitenganisha, na inafaa arudie kwa wimbo mwingine. Rekodi ambazo Siti binti Saad alizifanya Bombay mwaka 1928 ni hazina, lakini hazina karibu chochote cha muziki kwenye hezi 20,000, kwa hiyo kwa kazi hii afadhali kuchukua rekodi ya kisasa ya taarabu, hasa pale ganuni inapopigwa peke yake na kila uzi unasikika ukianza na kuisha.