Tairi la matope hununuliwa kwa nafasi, si kwa upana

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea tairi jipya la nyuma, bado lina vinyweleo vya mpira, akaliegemeza ukutani kwa furaha. "Fundi, nimepata la matope. Pana kabisa hili." Lilikuwa 120/80-19, yaani upana milimita 120, kimo asilimia 80 ya upana huo, kwa rimu ya kipenyo cha inchi 19. Pikipiki yake ni ya cc 125 ya motokrosi, yale mashindano ya uwanja wa udongo wenye vilima, rimu ya nyuma ina upana wa inchi 1.85, tairi lililokuja nayo ni 100/90-19. Nikamuuliza nani kamshauri. Akanijibu, aliyemuuzia: kwenye matope, tairi likiwa pana ndiyo linashika. Maneno haya nimeyasikia tangu naanza kushika leva ya kuvulia matairi. Nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja, leo nayajibu mara moja kwa wote.

Kwenye matope kinachokuvusha ni nafasi iliyo wazi kati ya kashata, vile vipande vya mpira vilivyosimama juu ya tairi, na wepesi wa nafasi hiyo kujisafisha kabla kashata hazijagusa ardhi tena. Kashata inazama, inakamata, inasukuma, inatoka na tope limejaa pembeni yake. Kuanzia hapo ina sehemu ya mzunguko mmoja tu kulitupa tope lile. Ikishindwa, inarudi chini ikiwa imezibwa, na haina tena kina cha kuzamia. Tairi lililozibwa ni kipara, hata kama kashata zake zina urefu wa milimita 18 na umelinunua jana.

Vinavyolisafisha ni viwili. Cha kwanza ni kasi ya gurudumu: likizunguka haraka, tope linarushwa nje. Cha pili, ambacho wengi hawakifikirii, ni kukunjika kwa mwili wa tairi. Kila sehemu inayogusa ardhi inabonyea, inayoachia inanyooka, na ule mchezo unalivunja tope lililokauka kidogo na kushikamana. Kwa hiyo tairi gumu lisilobonyea, likizunguka polepole kwenye udongo wa mfinyanzi, litaziba kwa vyovyote. Muuzaji atakuonyesha urefu wa kashata. Wewe tazama mabonde yaliyo kati yake. Mimi huingiza vidole viwili pamoja kati ya safu na safu. Vikibana, tairi hilo ni la ardhi ya kati, si laini wala si ngumu, lebo iseme inavyosema.

Sasa upana wenyewe. Matope mengi tunayopita yana sakafu. Juu kuna uji wa sentimita tano, kumi, kumi na tano. Chini kuna udongo uliokaza. Hapo unataka tairi likate uji lifike sakafuni. Uzito wa pikipiki ni ule ule. Ukiutandaza kwenye tairi pana, kila kashata inapata msukumo mdogo wa kwenda chini, na tairi linaogelea juu ya uji. Jembamba linazama na kukanyaga. Hii ndiyo hali ya kawaida, na hii ndiyo sababu nashikilia upana uliotoka kiwandani au hata hatua moja chini yake.

Lipo tope lisilo na sakafu. Bwawa lililojaa majani yaliyooza, au mchanga mzito uliolowa hadi ndani kabisa: huko ukizama umekwisha, na upana unakusaidia kuelea. Sitaki kumdanganya mtu kwamba upana haufai kamwe. Lakini wanaoniletea matairi mapana siku zote wananisimulia matope ya njia, yale yenye sakafu.

Halafu kuna suala la rimu, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira, maana halihitaji ubishi, linahitaji macho tu. Chukua tairi lililobuniwa kwa rimu ya 2.15, livishe rimu ya 1.85. Kingo zake zinavutwa ndani, mgongo unapanda na kuwa duara kama yai. Kashata za pembeni, zile zinazokushika unapolala kwenye kona au unapopanda ukingo wa mfereji, zinahama mahali pake. Umelipia milimita 20 zaidi, na sehemu inayogusa ardhi pikipiki ikiwa wima imepungua. Tairi la kijana yule nililivisha kwa sababu alisisitiza, nikamwita aje aone: kati ya kashata za pembeni na mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, kidole changu kidogo hakikupita. Upande wa pili cheni. Tope litapita wapi? Urefu nao: asilimia 80 ya 120 ni milimita 96, asilimia 90 ya 100 ni 90. Gurudumu limepanda milimita sita na kusogelea madigadi, mahali ambapo tope hujikusanya kwanza.

Alikwenda, akarudi jioni ile ile. Nilipochokoa kwa bisibisi, tope lilibanduka kama mkanda, urefu wa mkono mzima, upande mmoja una alama za kashata zote kwa mpangilio kama kitu kilichotoka kwenye kalibu. Alikuwa ameendesha juu ya mkanda ule. Tulivisha 100/90-19 lenye mabonde mapana, akapita njia ile ile kesho yake, na nilichokuta kati ya kashata kilikuwa vipande vilivyodondoka kwa kugongwa na ngumi.

Usilinganishe namba za matairi ya motokrosi na ya enduro, yale mashindano ya safari ndefu za porini, kana kwamba ni kitu kimoja. 140/80-18 la enduro limevishwa kwenye rimu za 2.15 miaka nenda rudi bila shida, na ukilipima kwa kalipa utashangaa lilivyo dogo kuliko namba yake. Pia kanuni za enduro za FIM, shirikisho la kimataifa la mashindano ya pikipiki, zinazuia kashata za tairi la nyuma zisizidi milimita 13, kwa hiyo tairi lililotengenezwa kwa mashindano hayo haliwezi kuwa na kina cha tairi la matope la motokrosi. Si baya. Limezuiwa tu.

Imani ya pili ni ndugu ya ile ya kwanza: ardhi laini inataka mpira laini. Neno "laini" linatuponza. Wanapoandika tairi ni la ardhi laini, wanazungumzia ardhi, si mpira. Kwa kawaida matairi hayo yana mpira mgumu kuliko ya ardhi ngumu. Kashata ndefu iliyosimama peke yake, ikiwa ya mpira laini, inalala chini badala ya kuchimba. Isukume kwa kidole gumba utaona. Kwenye mwamba na udongo mkavu, mpira wenyewe ndio unaoshika, kwa hiyo unatakiwa laini, na kashata fupi zilizokaribiana. Kwenye matope kashata inashika kama jino la jembe. Ubaya wake unakuja njia ikichanganyika: ule mpira mgumu unateleza vibaya kwenye mizizi na mawe yaliyolowa, na ukiendesha sana kwenye ardhi ngumu kashata zinapinda na kukatika shinani. Njia yako ikiwa nusu kwa nusu, chukua tairi la ardhi ya kati lenye mabonde ya kutosha, uvumilie kuteleza kidogo topeni.

Matairi ya makasia, yenye vibao virefu vya mpira vilivyokatiza upana wa tairi badala ya kashata, yaache kwenye mchanga.

La mbele nalisema kwa ufupi. Watu hubadilisha la nyuma, wanaacha la mbele na kashata zilizochoka. La nyuma likiteleza unachelewa; la mbele likiteleza unalala chini. Nikiwa na uwezo wa kununua moja, hununua la mbele, ingawa mafundi wenzangu wengi tunabishana juu ya hilo na wana hoja zao.

Mwisho upepo. Kwa tyubu za kawaida naanza na psi 12 mbele na nyuma, tairi likiwa la baridi. Kama njia haina mawe nashuka hadi 10, na kibano kinacholishika tairi kwenye rimu lazima kiwe kimekazwa, la sivyo tairi litazunguka peke yake na kung'oa valvu. Ukishuka zaidi, jiwe moja linaibana tyubu kwenye rimu na unapata matundu mawili yaliyolingana.

Kati ya 12 na 10 kwenye mfinyanzi sina jibu moja, na simwamini sana anayelitoa bila kuuliza. Upepo mdogo unalifanya tairi libonyee na kujisafisha. Mwingi unalisaidia kukata hadi sakafuni. Nimewahi kupita kipande kile kile asubuhi nikaona 10 ni bora, na mchana, jua limekwisha kukaza tope, 12 ikashinda. Kwa hiyo nabeba kipimo na pampu, naendesha mita hamsini, nashuka nasoma alama niliyoacha. Nikiona mashimo ya kashata yametengana, kila moja na kingo zake, naendelea. Nikiona ukanda laini kama uliopitishwa mwiko wa mwashi, tairi limeziba, na natoa upepo psi moja kabla sijagusa kitu kingine.