Leseni ya duka la dawa hairuhusu kuuza kila dawa

Miaka mingi watu Tanzania wamekuwa wakisema: duka likishakuwa na leseni linauza dawa yoyote, na mteja aking'ang'ania bila cheti cha daktari, kosa ni lake. Si kweli. Wajibu ni wa anayetoa dawa, na kusema "mteja mwenyewe aliomba" si utetezi.

Dawa zimegawanywa. Panadol haihitaji cheti cha mtu yeyote. Dawa za cheti ni habari nyingine. Hapa ndipo duka la dawa muhimu (duka dogo la dawa, si famasi kamili), mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, linapochanganya wengi: lina orodha yake maalumu, yenye antibayotiki chache kama amoksilini. Sindano ya ceftriaxone, antibayotiki nyingine, haimo. Kuwa nayo rafuni tu ni tatizo mkaguzi akiingia.

Cheti halali kina jina na umri wa mgonjwa, tarehe, dawa na nguvu yake, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na saini ya mwandikaji. Amoksilini miligramu 500, mara 3 kwa siku 5, ni kapsuli 15. Anayetoa 6 kwa sababu mteja ana hela ya 6 anaweza kuacha vijidudu hai vinavyozoea dawa, na hilo linatuumiza sote.

Baraza la Famasi linaweza kusimamisha au kufuta kibali cha duka, na mfamasia msimamizi akaitwa kujieleza hata kama aliyeuza ni msaidizi. Shauri likifika mahakamani, adhabu ni faini au kifungo.