GPA ya 2.6 na vyuo vya Kentucky: jinsi ya kumtafutia kijana chuo atakachokimaliza

Familia nyingi zinazoongea Kiswahili huko Louisville, Lexington na Bowling Green zinafahamu vyuo vikuu viwili tu vya jimbo: Chuo Kikuu cha Kentucky na Chuo Kikuu cha Louisville. Kijana akifika darasa la 12 na GPA (wastani wa alama za masomo, kwa kipimo cha hadi 4.0) ya 2.6, wazazi hudhani masomo yameishia hapo. Sivyo. Kentucky ina vyuo vikuu vya umma 8, na vyuo vya miaka miwili 16 vilivyo chini ya mfumo mmoja uitwao KCTCS. Nafasi ya kuingia ipo. Kinachowaumiza vijana wa wastani ni kuingia chuo kisha kushindwa kumaliza, wakabaki na deni bila shahada.

Ndiyo maana mimi huanza na transkripti, karatasi ya alama zake zote za sekondari, kabla ya kutaja chuo chochote. Iombe kwa mshauri wa shule darasa la 11 linapomalizika, kisha isome mwaka baada ya mwaka. Kijana aliyefika Marekani bila Kiingereza akapata 1.9 darasa la 9, 2.5 darasa la 10 na 3.1 darasa la 11, ana wastani wa 2.5. Aliyeanza na 3.1 akashuka hadi 1.9 ana wastani uleule, lakini hawa wawili hawahitaji chuo cha aina moja. Wa kwanza anapanda, na maofisa wa udahili watauelewa mwendo wake iwapo yeye au mwalimu wake ataueleza kwa maandishi. Karatasi yenyewe haisemi kwamba mtu alikuwa anajifunza lugha.

Kwa vyuo vikuu vya umma, mstari wa kukumbuka ni 2.5. Mwenye 2.0 hadi 2.49 anaweza kupokelewa kwa masharti: anatia saini makubaliano ya masomo, anapangiwa mshauri na madarasa ya kumwinua. Chini ya hapo, KCTCS inampokea yeyote mwenye cheti cha sekondari au GED, yaani mtihani unaochukua nafasi ya cheti hicho. Kwa GPA ya 2.6, orodha yangu huanza na Eastern Kentucky iliyopo Richmond, Western Kentucky ya Bowling Green, Northern Kentucky iliyo jirani na Cincinnati, Morehead State, Murray State na Kentucky State ya Frankfort. Chagua vitatu kati ya hivyo, ongeza chuo kimoja cha KCTCS kilicho karibu na nyumbani na kimoja kigumu zaidi anachokipenda. Berea College haimtozi ada mwanafunzi yeyote, na familia zenye kipato kidogo zinapaswa kuijaribu, ila ushindani wake ni mkali, hivyo isiwe tegemeo pekee.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Kupokelewa chuoni si kupokelewa kwenye fani. Uuguzi ndio mfano ninaoukuta mara nyingi: kijana anaingia mwaka wa kwanza kama mtarajiwa wa uuguzi, anasoma anatomia, kemia na hesabu, halafu ndipo anaomba nafasi kwenye programu yenyewe, ambayo ina GPA yake na nafasi za kuhesabu. Akikosa, ameshatumia fedha za mwaka mmoja au miwili. Kabla ya kuomba chuo, piga simu idara husika uulize mambo matatu: programu inataka GPA gani, inachukua wangapi kila mwaka, na wanaokosa huhamia fani ipi. Idara inayokwepa swali la pili imeshakujibu.

Kuhusu fedha, KEES ni msaada wa jimbo ambao wazazi wengi hawajui kwamba mtoto anaupata tangu darasa la 9. Kila mwaka wa sekondari unaofikia GPA ya 2.5 unaleta dola 125, 3.0 inaleta 250, na 4.0 inaleta 500. Jumla ya miaka minne hulipwa kila mwaka wa chuo, kwa hiyo aliyepata 3.0 miaka yote ana dola 1,000 kwa mwaka. Mtihani wa kuingia chuo wa ACT kuanzia alama 15, au ule wa SAT unaolingana nao, unaongeza bonasi. Mwaka ulioangukia 2.4 hauleti chochote. Hakuna fomu ya kuomba, lakini hakikisha shule ina namba sahihi ya Social Security ya mtoto, maana bila hiyo alama zake hazitaunganishwa na fedha hizo.

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, hufunguliwa kwa kawaida tarehe 1 Oktoba. Ijaze mwezi huohuo, kwa sababu msaada wa jimbo uitwao CAP hugawiwa hadi fedha ziishe. Wakimbizi na wenye grinikadi wanaruhusiwa kuomba. Zinazokwama ni fomu ambazo majina matatu yamepangwa kwa namna moja kwenye I-94 (karatasi ya kuingia Marekani) na kwa namna nyingine kwenye kadi ya Social Security, au tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwenye karatasi moja na tofauti kwenye nyingine. Sahihisha hilo ofisi ya Social Security wakati wa kiangazi, kabla ya kugusa FAFSA. Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti ya FAFSA na kutoa ridhaa yake ili taarifa zake za kodi zitumike. Ridhaa ikikosekana, mtoto hapati msaada wa serikali kuu.

Njia ya miaka miwili inafaa vijana wengi, mradi wachague shahada sahihi. AA (sanaa) na AS (sayansi) ni shahada za miaka miwili zilizoundwa ili krediti zake 60, yaani vipimo vya masomo ya chuoni, zihamie chuo kikuu cha umma. AAS (sayansi tumizi) ni ya kwenda kazini, na krediti zake nyingi hupotea mtu akitaka kuendelea. Anayetaka kazi ya kiwandani, afya, ujenzi, usafirishaji au kompyuta aangalie Work Ready Kentucky, inayolipia ada hadi krediti 60 kwenye fani zilizoidhinishwa.

Louisville kuna pia Metropolitan College, ambako anayefanya kazi usiku kwenye UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, hulipiwa ada ya Jefferson Community and Technical College au Chuo Kikuu cha Louisville. Ni mpango mzuri, lakini kijana wa 2.6 anayetoka kazini alfajiri asijaze krediti 15 muhula wa kwanza. Aanze na chache, na asipange darasa la hesabu saa mbili asubuhi.

Barua za msaada zikifika, weka kando mikopo na kazi za chuoni. Toa misaada isiyorudishwa peke yake kwenye gharama yote, pamoja na bweni na usafiri. Kisha linganisha kiasi kinachobaki. Muhula ukianza, kijana alinde GPA ya 2.0 na afaulu takribani theluthi mbili ya krediti anazojiandikisha, la sivyo msaada wa serikali kuu husimama. Akiugua au akifiwa katikati ya muhula, aende ofisi ya msaada wa fedha kabla hajaacha darasa, achukue fomu ya rufaa, na ahifadhi cheti cha hospitali au cha kifo.