Mtambo wa upepo usio na giaboksi nao huharibika

Kwenye magrupu ya Dar unazunguka ujumbe wa siku nyingi: eti mtambo wa upepo usio na giaboksi hauharibiki. Si kweli. Giaboksi hupandisha mwendo wa mapanga, labda mizunguko 15 kwa dakika, hadi 1,500 hivi ya jenereta. Ukiitoa, unahitaji jenereta kubwa na nzito, na umeme wote hupitia kigeuzi cha kielektroniki, yaani kifaa kinachorekebisha umeme ufae gridi, ambacho nacho huungua.

Giaboksi haifi mara kwa mara, ila ikifa mtambo husimama siku nyingi ukisubiri winchi. Ndiyo maana inalaumiwa. Hitilafu za umeme ni nyingi zaidi, lakini kwa kawaida hutengenezwa upesi. Kuhakiki, uliza: huharibika mara ngapi kwa mwaka, na husimama saa ngapi? Linganisha mitambo ya ukubwa na umri mmoja. Ujumbe usio na takwimu hizo, tafadhali, usiusambaze.