Ubuyu: dhana potofu na ukweli kuhusu unga, juisi na mafuta yake

Mbuyu haupendi baridi. Ukishuka mlima Kitonga, mkoani Iringa, kuelekea Ruaha Mbuyuni utaiona mibuyu kando ya barabara, nayo ipo Pawaga na Idodi, lakini kwenye baridi ya Mufindi au Makete usiitafute. Kwa hiyo ubuyu unaouzwa Mafinga, Njombe au soko la Mwanjelwa, Mbeya, umesafirishwa kutoka kwenye joto, na maneno mengi yamesafiri nao.

Linalorudiwa zaidi ni hili: ubuyu una vitamini C mara sita ya chungwa. Kwa gramu 100 kwa gramu 100, ni mara tatu hadi sita. Vipimo vya maabara hutofautiana sana kati ya mti na mti, lakini mara nyingi unga hutoa miligramu 150 hadi 300, na chungwa kama 50. Tatizo ni kwamba unga ni mkavu na chungwa limejaa maji, na hakuna anayekula gramu 100 za unga kwa mkupuo. Kijiko cha chakula ni kama gramu 10, yaani miligramu 15 hadi 30. Chungwa moja la wastani lina zaidi ya 60. Kijiko cha ubuyu ni nyongeza nzuri, hakishindi chungwa.

Na hicho kidogo hupotea jikoni. Wengi huamini juisi ni lazima ichemke pamoja na ubuyu ndipo iwe salama. Kinachotakiwa kuchemka ni maji. Chemsha lita moja, acha yapoe mpaka uvuguvugu, tia gramu 100 za ubuyu, funika nusu saa, koroga kwa mwiko hadi mbegu ziachie unga, kisha chuja. Ukitaka maziwa, yaweke mwishoni yakiwa baridi, kwa sababu ubuyu ni mchachu na maziwa ya moto yatakatika papo hapo. Weka kwenye friji na uimalize kesho yake.

Ule ubuyu mwekundu wa pipi umepikwa kwenye shira ya sukari na kutiwa rangi. Ni kitafunwa kitamu. Usimpe mtoto ukidhani unampa vitamini.

“Ubuyu unaongeza damu.” Hapa kuna ukweli nusu, nao una faida kubwa kwa nyumba inayokula maharage kila siku. Ubuyu wenyewe hauna madini ya chuma ya kutosha kutibu upungufu wa damu, ila vitamini C yake husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani, mradi vikutane tumboni. Kunywa glasi ya juisi wakati wa kula, siyo saa tatu baadaye. Chai hufanya kinyume, hata iwe chai bora ya Mufindi au Rungwe: isogeze angalau saa moja mbali na mlo. Mama mjamzito asiache vidonge vya fefo (madini ya chuma na asidi ya foliki) kwa sababu anakunywa ubuyu.

Mafuta ya ubuyu yanatutia wasiwasi zaidi. Huuzwa kwenye vichupa kama dawa ya kunywa ya kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Hayatibu magonjwa hayo. Mbegu zina asidi za mafuta za kundi la siklopropeni, ambazo zimedhuru wanyama wa maabara, hasa kwenye ini. Joto kali la usafishaji kiwandani huzipunguza, lakini mafuta yaliyokamuliwa tu na kujazwa chupani hayajapitia hatua hiyo. Yapake kwenye ngozi na nywele; kuyanywa hatushauri.

Kwa mtoto anayeharisha, juisi ya ubuyu ni desturi ya siku nyingi, lakini haichukui nafasi ya pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji salama, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Wanaosema ubuyu hauharibiki hawajauhifadhi Mufindi wakati wa ukungu. Unga hunyonya unyevu, hushikana mabonge na kubadilika rangi kutoka nyeupe-krimu kwenda kahawia. Tumia chombo kikavu chenye mfuniko unaobana na kijiko kikavu. Ukinunua tunda zima, chagua lenye gamba lisilo na ufa. Ukiuona unga wa kijivu au ukasikia harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu, na kuukausha juani hakutaondoa sumu yake: tupa wote.