Simu Yako Haikuuawa na Simu Ambayo Bado Haijatoka

“Fundi, hii washaanza kuizorotesha. Si mpya yaja?”

Maneno hayo nayasikia mezani kwangu kila uvumi wa simu mpya unapopamba moto, na safari hii, kwa jinsi habari za iPhone ya kukunja zinavyozagaa, yamenichosha mpaka nimeona niandike. Anayeyasema huwa ameshaamua. Simu yake ya miaka mitatu inakwama, inachemka mfukoni, inazima ikiwa na asilimia 30, naye amejihesabia kwamba kuna mtu Marekani kabonyeza kitufe ili yeye wa Kisauni, hapa Mombasa, akanunue nyingine. Anataka kujua simu hiyo ataiuza kwa shilingi ngapi, ilhali kinachoiuma naweza kukibadilisha kabla kahawa yake haijapoa.

Imani hii ingekuwa uongo mtupu isingeniudhi hivi. Ina kipande cha kweli, na watu hukishika kipande hicho kwa mkia.

Mwaka 2016 iPhone 6s nyingi zilikuwa zikizima ghafla. Januari 2017 Apple ikatoa sasisho la iOS 10.2.1, yaani mfumo unaoendesha iPhone, na ndani yake, bila kuwaeleza wenye simu waziwazi, ikaweka utaratibu wa kuipunguzia prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote za simu, kasi betri inapochoka. Desemba mwaka huo John Poole wa Primate Labs, kampuni inayotengeneza programu ya Geekbench ya kupima kasi, akachapisha vipimo vilivyoonyesha iPhone 6s na 7 zikishuka kasi kufuatana na toleo la mfumo. Siku chache baadaye Apple ikakiri. Ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya yuro milioni 25, na mwezi uliofuata Apple ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja Marekani.

Watu husimulia mpaka hapo, wakatikisa kichwa, basi. Hawafiki kwenye swali lenyewe: kasi ilipunguzwa kwa nini?

Betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani ugumu wa umeme kupita, hupanda. Prosesa nayo haili umeme kwa kiwango kimoja. Ukifungua kamera au ramani huomba mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde. Betri nzima huutoa mkondo huo na volti ikabaki imesimama. Betri iliyochoka huutoa kwa shida, volti ikaporomoka, na ikishuka chini ya kiwango fulani bodi hujizima ili isiharibike. Ndiyo maana simu inakufa ikiwa na 30, ukiichomeka kwenye chaja inaamka na 28. Ile 30 haikuwa ya uongo. Chaji ilikuwemo, ila ilikuwa mtungi uliojaa maji wenye mdomo mwembamba: wataka kumimina kwa haraka, hayaji.

Apple ilichofanya ni kukata kilele cha maombi hayo. Simu ikawa nzito lakini haizimi. Kosa lao, na nasema ni kosa kubwa, ni kunyamaza, kwa sababu mtu aliyehitaji betri ya dola 79 alikwenda kununua simu nzima. Faini ile waliistahili. Lakini kasi ilifungwa kwenye hali ya betri, haikufungwa kwenye tarehe ya uzinduzi. Ukiweka betri nzima, kasi inarudi, na wenye simu wenyewe walikuwa wameshaliona hilo hata kabla Apple haijafungua mdomo.

“Lakini fundi, mbona ilianza kusumbua Septemba ile ile mpya ilipotoka?”

Hili nalo lina jibu. Mwaka 2014 mchumi Sendhil Mullainathan aliandika katika New York Times kwamba watu walikuwa wakitafuta mtandaoni habari za iPhone kuwa nzito kwa wingi zaidi kila toleo jipya lilipotoka, na kwamba simu za Samsung Galaxy hazikuonyesha mruko kama huo. Wengi waliichukua hiyo kuwa ushahidi wa njama. Yeye mwenyewe alieleza kwamba ipo sababu nyingine: Septemba hiyo hiyo Apple hutoa mfumo mpya, na watu wengi wa simu za zamani huupakua kwa wakati mmoja. Masasisho ya Android huja kwa mafungu, kampuni hii leo, ile miezi ijayo.

Mfumo mpya ukishaingia, simu huanza kupanga upya kila kitu kilichomo. Huzipitia picha zako zote, huziandaa programu upya. Siku ya kwanza na ya pili itachemka, itakula chaji, itakwama. Wengi huniletea simu siku hizo hizo. Nawaambia iacheni kwenye chaja na waifai usiku kucha, mrudi wiki ijayo ikiwa bado, na wengine huniona fundi mvivu.

Wala siwatetei wenye viwanda. Oktoba 2018 Italia iliitoza Apple yuro milioni 10 na Samsung yuro milioni 5 kwa sababu ya masasisho yaliyozielemea simu. Kesi ya Samsung ilihusu Note 4, simu ya 2014, ambayo wenye simu walisukumwa waiwekee mfumo uliotayarishwa kwa ajili ya Note 7. Kwa hiyo sasisho kubwa linaweza kweli kuizidi nguvu simu kongwe. Kwa simu ya miaka mitano au sita mimi humwambia mteja achukue masasisho ya usalama, lile kubwa la mfumo angoje wiki kadhaa asikie wenzake wanasemaje. Hili si jambo ninaloweza kulithibitisha kwa kipimo, ni uzoefu wa meza tu.

Tuje Mombasa sasa, maana hapa betri zina adui asiyetajwa kwenye uvumi. Joto huila betri ya lithiamu haraka kuliko miaka. Apple inashauri simu itumike penye nyuzi 0 hadi 35, na inaonya kwamba zaidi ya 35 betri inaweza kupoteza uwezo usirudi tena. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, kivulini mchana hufika nyuzi 32 au 33. Ukiilaza simu kwenye dashibodi ya tuktuk, au ukiifunga kwenye usukani wa bodaboda inaonyesha ramani huku inachajiwa, mpaka huo umeuvuka kabla hujafika Buxton. Vijana wa boda wana la ziada: tangu 2021 Apple yenyewe imeonya kwamba mtetemo wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera. Halafu kuna wanaolala na simu chini ya mto, ndani ya kava nene la mpira, ikiwa imejaa na bado imechomekwa. Chaji kamili pamoja na joto ni miongoni mwa hali mbaya zaidi kwa betri. Apple husema iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji, na 15 kuendelea baada ya 1,000, ila hesabu hiyo ni ya mazingira mazuri, wala si ya dashibodi ya tuktuk.

Chumvi nitaipitia haraka. Hewa ya bahari na jasho huacha ukungu wa kijani kwenye tundu la chaji, na nyuzi za mfukoni huliziba. Simu “isiyoshika chaji” mara nyingi yataka kusafishwa tu. Na ile IP68, daraja la kuzuia vumbi na maji, hupimwa maabara kwa maji yasiyo na chumvi, wala haihesabu maji ya bahari ya Nyali. Simu ikishafunguliwa na fundi, mimi nikiwemo, siwezi kukuahidi tena kwamba haitaingia maji.

Sasa asilimia ya afya ya betri, ambayo kila mtu hunionyesha kama cheti cha hospitali. Kwenye iPhone ipo tangu iOS 11.3 ya 2018, ndani ya mipangilio, upande wa betri. Isome, lakini ujue ni makadirio ya programu. Nimeona simu ya 87 inazima na ya 76 inakwenda vizuri. Simu nyingi za Android zinazouzwa huku hazikuonyeshi hata hiyo, kwa hiyo angalia mwenendo: inaruka kutoka 40 hadi 15 ukifungua kamera? Inazima kwenye baridi ya eisii ya ofisini? Mgongo umeinuka? Hata nikikuambia ni betri, uhakika kamili huupata baada ya kuibadilisha, kwa sababu ziko bodi zenye hitilafu kwenye chipu ya umeme zinazoiga kila dalili ya betri mbovu, nami siwezi kuzitenganisha kabla sijafungua.

Na hapa wanunuzi wa ex-UK, zile simu zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza, nisikilizeni. Muuzaji akikuonyesha iPhone ya miaka minne yenye afya ya betri asilimia 100, usifurahi haraka. Tangu XS na XR za 2018, betri ambayo mfumo hauitambui kuwa ya asili huleta ujumbe wa onyo, basi wapo wanaohamisha kibao kidogo cha saketi cha betri ya zamani hadi kwenye seli mpya ya bei rahisi, ile sehemu inayobeba chaji yenyewe, au wanaokiandika upya kwa kifaa maalumu ili kisome 100. Vifaa hivyo vinauzwa wazi, na si kila anayevitumia ni mwizi. Wako wanaoweka seli nzuri na wanataka onyo liondoke. Lakini 100 hiyo haikuambii chochote kuhusu seli iliyomo. Mwenye iPhone yake iliyochoka akaiuza kwa bei ya hasara ili anunue ex-UK “mpya zaidi”, mara nyingi amebadilisha betri moja chovu kwa nyingine asiyoijua kabisa.

Nafasi ikijaa nayo huifanya simu kuwa nzito. Video za magrupu ya WhatsApp ya harusi na mazishi, futa. Acha angalau sehemu ya kumi ya hifadhi iwe tupu. Imeisha.

Turudi kwenye uvumi wenyewe. Uvumi waweza kukuambia umbo, kwa kuwa watengenezaji wa makava hupata vipimo mapema. Hauwezi kukuambia simu itadumu vipi. Hata kilichotangazwa jukwaani chaweza kisifike: AirPower, kile kibao cha kuchajia cha Apple, kilitangazwa Septemba 2017 na kikafutwa Machi 2019. Na kwa simu ya kukunja, historia ipo: Galaxy Fold ya kwanza ilitangazwa Februari 2019, Aprili skrini zikaanza kufa mikononi mwa waandishi waliopewa kuijaribu, uuzaji ukasogezwa mpaka Septemba ili mianya ya bawaba izibwe. Hata Fold6 ya 2024 ina daraja la IP48, na ile 4 maana yake inazuia vitu vya zaidi ya milimita moja. Chembe za mchanga wa ufukwe wa Pirates nyingi ni ndogo kuliko hapo. Mtu anayeshinda ufukweni na aifikirie hiyo kabla ya kufikiria rangi.

Halafu laini. iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini tangu iPhone 14 ya 2022, iPhone 17 za Falme za Kiarabu na Saudia hazina pia, na iPhone Air ya 2025 haina popote duniani. Simu nyingi za Mombasa huja mkononi mwa shangazi aliyetoka Dubai au Jeddah. Hizo hutumia eSIM, laini iliyomo ndani ya simu isiyochomoleka. eSIM inafanya kazi Kenya, sina ugomvi nayo. Ila leo simu yako ikivunjika kioo pale feri ya Likoni, unachomoa laini, unaitia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya jirani, unatuma pesa kwa M-Pesa na maisha yanaendelea. Kwa eSIM utatafuta simu nyingine inayoikubali au utakwenda kupanga foleni dukani. Mfanyabiashara wa Kongowea anayepokea malipo kutwa nzima alijue hilo kabla hajamwagiza shangazi.

Je, zipo sababu za kweli za kubadilisha? Zipo. Masasisho ya usalama yakikoma nawe una benki ndani ya simu, badilisha. Pixel 8 ya Google ya Oktoba 2023 na Galaxy S24 ya Januari 2024 zimeahidiwa miaka saba ya masasisho, kwa hiyo tazama ahadi hiyo kabla ya kutazama kamera. WhatsApp haikubali tena Android iliyo chini ya toleo la 5.0 tangu Januari 2025, wala iOS iliyo chini ya 15.1 tangu Mei mwaka huo, basi mwenye iPhone 6 sina la kumsaidia. Bodi iliyokufa kwa maji ya bahari, sikushauri uitumbukizie pesa. Mpiga picha wa harusi anayeishi kwa kamera ya simu ana hesabu zake, na naziheshimu.

Wengine leteni simu. Kabla ya kuja weka nakala ya picha zako, na uwe unaikumbuka nywila ya akaunti. Mgongo ukiwa umeinuka au kioo kimejitenga pembeni, izime, usiichaji tena hata usiku mmoja, usiibonyeze irudi, uilete ilivyo.