Usiku wa Tatu Bila Pombe

Kondakta mmoja wa matatu, ambaye nimebadilisha habari zake kidogo ili asitambulike, aliletwa na dada yake katika chumba changu cha ushauri hapa Nairobi kwa sababu ya chang'aa. Alichagua kiti kinachotazama mlango, na kila pikipiki ilipopita nje alinyamaza. Habari ya majambazi waliomvamia usiku ilijitokeza katika kikao cha nne, tena kwa bahati tu.

Vituo vingi vya kurekebisha waraibu hushika utaratibu mmoja: mtu aache kilevi kwanza, akae miezi kadhaa bila kuonja, ndipo kiwewe chake, yaani jeraha la moyoni lililoachwa na tukio la kutisha, kiguswe. Kwa maoni yangu, utaratibu huo huwarudisha wengi kwenye chupa. Pombe huutuliza mfumo wa neva na kupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi; mtu akiiacha ghafla, sehemu hiyo hurudi kwa nguvu, moyo ukamwenda mbio, na jinamizi alilokuwa akilizamisha likamkabili kwa ukali zaidi. Kondakta huyu alikwisha kuacha mara tatu, na kila mara usiku wa tatu ulimshinda. Jamaa zake walisema hana msimamo. Mimi niliona mtu aliyejitibu kwa dawa mbaya, lakini dawa iliyomletea usingizi.

Uhusiano huu wa masaibu na kilevi si wake peke yake. Utafiti wa Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulionyesha kwamba waliopitia aina 4 au zaidi za masaibu utotoni walikabiliwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia yoyote.

Ndiyo maana natibu ulevi na kiwewe pamoja, lakini huko si kukurupukia kumbukumbu. Mnywaji wa kupindukia huachishwa chini ya uangalizi wa daktari, maana kuacha ghafla huweza kuleta degedege na hata kifo. Wiki hizo hizo namfundisha kukanyaga sakafu na kutaja anavyoviona hofu inapompanda. Kusimulia tukio lenyewe huja baadaye, polepole.

Katika daftari lake tulichora safu mbili, siku za kunywa na usiku wa jinamizi. Wiki ya sita kila safu ilikuwa na alama moja tu, zote za Alhamisi. Nilipomuuliza, alisema siku hiyo gari lao lilipitishwa barabara ile ile alikovamiwa.